Uuguzi Hujifunzwa Kando ya Kitanda: Kusoma Muda Wote au Kusoma Ukiwa Kazini?

Jioni moja, baada ya siku ya huduma za mkoba katika kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, tulikuwa tunafunga masanduku ya vifaa ili tuondoke. Watu wawili walikuwa wakinisubiri chini ya mti, wote wakiwa na swali moja. Wa kwanza alikuwa mhudumu wa afya kutoka zahanati ya mbali kidogo na hapo, ambayo sitaitaja. Ni mama wa watoto watatu. Kwa miaka mingi amefanya usafi wa wodi, amepima uzito wa watoto, ameosha na kutakasa vifaa vya kuzalishia, na katika usiku ambao muuguzi hakuwepo amepokea watoto kwa mikono yake mwenyewe. Wa pili alikuwa binti wa mkulima wa pamba, aliyemaliza kidato cha nne. Alisimama nyuma ya mama yule, akangoja zamu yake kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo daktari." Wote wawili walitaka kuwa wauguzi. Wote wawili waliuliza kama ni lazima mtu aache kila kitu akakae chuoni, au iko njia ya kusoma taratibu huku shughuli nyingine zikiendelea.

Gari lilikuwa linangoja, nami niliwajibu kwa haraka: "Nendeni mkasome muda wote. Hiyo ndiyo njia ya uhakika." Tulipokuwa njiani nikatambua kwamba nimewajibu vibaya. Nilikuwa nimewapa jibu moja watu wawili wasiofanana, tena bila kuwauliza chochote. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Swali lao linazihusu familia nyingi zaidi ya hizo mbili. Kwa muda mrefu tumewahimiza akina mama wajifungulie katika vituo vya kutolea huduma za afya, nao wameitikia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya watoto walizaliwa vituoni. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81. Katika kipindi hicho hicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Haya ni mafanikio makubwa. Lakini kwa zahanati ya kijijini maana yake ni kwamba mlango hugongwa usiku mara nyingi zaidi kuliko zamani, na anayeufungua ni muuguzi wa astashahada au stashahada, wakati mwingine akiwa peke yake. Daktari bingwa wa uzazi kama mimi hukutana na mama huyo saa kadhaa baadaye, endapo safari ya rufaa imemfikisha salama. Kwa hiyo namna muuguzi yule alivyosomeshwa inamhusu kila mama atakayebisha hodi.

Ni vema kwanza tueleze ngazi zenyewe, kwa kuwa wengi huingia gharama kabla ya kuzifahamu. Mafunzo ya uuguzi na ukunga ya ngazi ya astashahada huchukua miaka miwili, nayo hufikisha ngazi ya 5 katika mfumo wa tuzo za ufundi. Stashahada ni miaka mitatu, ngazi ya 6. Mwombaji atokaye kidato cha nne hutakiwa awe na ufaulu katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Baada ya kuhitimu hana budi kupitia Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ili apate usajili na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Pasipo leseni, cheti peke yake hakimruhusu kumhudumia mgonjwa kama muuguzi. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kila mwombaji ni kuhakikisha kwamba chuo anachokitaka kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, na kwamba kozi yake inatambuliwa na Baraza la Uuguzi. Chuo kisichotimiza hayo si cha kulipiwa ada, hata ratiba yake iwe nyepesi namna gani.

Kwa wale wanaoanza, vyuo vyetu kwa kawaida hutoa masomo ya muda wote. Kwa walio kazini ziko nafasi za kujiendeleza: nyingine za muda wote, na katika baadhi ya vyuo masomo ya jioni au ya elimu masafa. Watu huzilinganisha njia hizi kwa miaka na kwa fedha. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Jambo la kuuliza kwanza ni hili: je, njia hii itaniweka kando ya kitanda cha mgonjwa kwa saa ngapi, na katika saa hizo nani atakuwa amesimama nami akiitazama mikono yangu?

Nieleze kwa mfano wa kazi yangu. Mtoto akishazaliwa, mama anapaswa kuchomwa sindano ya oksitosini, uniti 10, ndani ya dakika moja, ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isitoke kupita kiasi. Hilo mwanafunzi atalisoma kitabuni kwa muda mfupi na kulijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini kutambua kwa kiganja kwamba mfuko huu wa uzazi umekaza na huu mwingine umelegea, hilo halimo kitabuni. Kiganja hujifunza kwa kugusa matumbo mengi, huku mkunga mzoefu akigusa baada yako na kukuambia kama umekosea. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyelia. Muuguzi ana dakika moja tu ya kumkausha, kumchangamsha na, ikibidi, kuanza kumsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa. Katika dakika hiyo hakuna nafasi ya kukumbuka ukurasa. Mikono inapaswa iwe inajua tayari.

Nikirudi kwa binti wa Kasoli, kwake yeye bado nasema: soma muda wote. Sababu yangu sasa ni tofauti na ile niliyoitoa kwa haraka. Yeye hajawahi kuishi wodini. Anahitaji kumwona mgonjwa aliyelazwa Jumatatu, amwone tena Jumanne homa ikipanda, na Alhamisi ajue kwa nini dawa ilibadilishwa. Anahitaji zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, maana ugonjwa una sura tofauti katika kila zamu. Mwanafunzi anayefika kwa vipindi tu hukutana na vipande vya mgonjwa, na asiye na msingi hawezi kuviunganisha. Ipo pia sababu ya nyumbani, ambayo wazazi wanisamehe kuitaja. Binti akisomea nyumbani, atakuwa mwanafunzi mpaka palizi ianze. Ikianza, daftari litafungwa, kwa kuwa mikono ya shambani ni michache na yeye yupo karibu.

Gharama, hata hivyo, ni ya kweli, nayo inataka hesabu ya mkulima. Vyuo hupokea wanafunzi hasa katika mihula miwili, wa Septemba na wa Machi. Pamba huanza kuuzwa mwezi Mei. Kwa familia ya Kasoli, muhula wa Machi hufika wakati shamba limemeza fedha zote na bado halijarudisha kitu. Muhula wa Septemba ndio unaokaribiana na fedha ya pamba, ilimradi sehemu ya ada itengwe Juni au Julai, kabla ya harusi na madeni kuimaliza. Mzazi ahesabu pia malazi, sare, vifaa vya vitendo na nauli, maana wanafunzi wengi husimama njiani kwa sababu ya mambo hayo madogo. Tena aulize kuhusu mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imefungua nafasi kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwa mojawapo. Kwa mwenye ufaulu unaomwezesha kuchagua kati ya astashahada na stashahada, iwapo kozi ya uuguzi imo katika orodha ya fani hizo, jambo hilo linaweza kubadilisha hesabu nzima.

Lakini muda wote nao si kinga. Mwanafunzi anaweza kukaa chuoni miaka miwili, akapelekwa katika wodi yenye wanafunzi wengi kuliko wagonjwa, akasimama mstari wa tatu nyuma ya wenzake na kuona migongo yao tu. Huyo amesoma muda wote, ila kitandani hakuwahi kufika.

Sasa nije kwa mama wa watoto watatu. Kumwambia aache kazi akasome muda wote ni kumwambia aache mshahara unaolisha nyumba, na pengine asisome kabisa. Kwake yeye kusoma akiwa kazini kuna heshima yake, tena kuna ushahidi wa kuliunga mkono. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi wa chumba cha kuzalishia walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba walifanya vizuri zaidi katika mazoezi ya mwanasesere, ilhali huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Baadaye hospitali hiyo ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukaonyesha kupungua kwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza. Wazo hilo likapanuliwa na mradi wa Safer Births katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2025, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 18.

Waliofundishwa huko walikuwa watumishi waliokwisha kuhitimu, kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi kwamba mtu anaweza kuwa muuguzi bila chuo. Funzo lake kwetu ni kwamba mahali pa kazi panaweza kuwa darasa bora kuliko ukumbi wa semina, ikiwa mazoezi yanarudiwa na mtu wa kusahihisha yupo. Nchini Kenya, tangu mwaka 2005, shirika la Amref pamoja na Wizara ya Afya na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza kuwaendeleza wauguzi wa ngazi ya cheti, waliokuwa takriban 20,000, kwa masomo ya kompyuta huku wakibaki katika vituo vyao. Nadharia walisoma kwa kompyuta, na vitendo wakavifanya hospitalini. Huko Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi huanza maisha kama wasaidizi katika nyumba za kulelea wazee, mafunzo ya uuguzi wa vitendo huchukua takriban mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, na mara nyingi hukaribia miaka miwili kwa anayesoma jioni na mwisho wa wiki. Kinachorefuka ni kalenda. Saa za wodini zinazotakiwa ili mtu apate leseni hazipunguzwi kwa sababu anafanya kazi.

Hatari kubwa ya kusoma ukiwa kazini ni kuchanganya kazi na mafunzo, nami hapa nina kosa la kukiri. Nikiwa daktari kijana katika hospitali ambayo sitaitaja, mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliyekuwa pia ameajiriwa aliniletea daftari lake la vitendo mwisho wa zamu ya usiku. Alikuwa amezalisha akina mama kadhaa peke yake. Alikuwa mchapakazi, nami nilikuwa nimechoka. Nikatia saini kwamba amefanya chini ya usimamizi, ingawa mimi sikuwepo, na mkunga wa zamu alikuwa wodi nyingine. Wiki chache baadaye mtoto alizaliwa bila kulia. Nilimkuta mwanafunzi yule ameshika barakoa juu ya uso wa mtoto, hewa yote ikivuja pembeni, kifua cha mtoto hakiinuki. Mkunga mmoja mtu mzima akaingia, akakiweka kichwa sawa, akaibana barakoa, na kifua kikaanza kupanda na kushuka. Mtoto alipona. Mwanafunzi alilia, akaniambia kwamba ndivyo alivyokuwa akiishika siku zote, wala hakuna aliyewahi kumwambia kuwa si sawa. Daftari lake lilisema amehitimu zoezi hilo, na saini ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo sikubali hoja kwamba miaka mingi ya kazi ni sawa na mafunzo. Kosa linalorudiwa kwa miaka kumi pasipo wa kulirekebisha hugeuka mazoea, na mazoea ni magumu kuyang'oa kuliko ujinga wa anayeanza. Mhudumu wetu ana hazina kubwa: hamwogopi mgonjwa, anaijua lugha ya watu wake, anajua ni nyumba ipi isiyoleta mama mjamzito kliniki. Lakini hazina hiyo inahitaji mtu wa kuipepeta.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia yoyote, nashauri mwombaji aulize maswali yafuatayo bila kuona haya. Kwanza, chuo kinapeleka wanafunzi hospitali gani kwa vitendo, na kila mkufunzi au msimamizi husimamia wangapi? Pili, kama nasoma nikiwa kazini, zamu zangu za mafunzo zinatenganishwaje na zamu zangu za ajira? Tatu, nani anatia saini daftari la vitendo, na je, ni lazima awe ameona kwa macho yake? Nne, nikishindwa zoezi, nitapewa nafasi ya kulirudia, au nitavushwa tu? Tano, wahitimu wa njia hii wanaruhusiwa kuomba leseni ileile? Chuo chenye majibu ya wazi kitayatoa kwa furaha. Kinachokasirishwa na maswali kimekwisha kujibu.

Mhudumu wetu ana kizingiti kingine ambacho huenda sikukidhania siku ile. Wengi wa kundi lake walimaliza kidato cha nne zamani, na Kemia au Fizikia iliwaangusha. Hapo ndipo kusoma kidogo kidogo kunapofaa bila ubishi wowote: ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie somo moja au mawili huku akiendelea na kazi. Mtihani hufanyika Novemba, nao hukutana na msimu wa kupanda, hivyo mume na watoto wakubwa wajue mapema kwamba mwaka huo mama atapungua shambani. Akishapata sifa, aende kwa mwajiri wake. Mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini na aliyeingizwa katika mpango wa mafunzo wa mwajiri anaweza kupewa ruhusa ya masomo huku mshahara ukiendelea. Wahudumu wengi hawaombi, kwa kuwa wanadhani ruhusa hiyo ni ya madaktari.

Madaktari tumeitumia sana. Mimi nilisomea ubingwa nikiwa na mshahara wangu, na wenzangu niliowaacha walibeba zamu zangu. Hapo ndipo penye neno langu kwa wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya. Zahanati yenye watumishi wawili ikimruhusu mmoja kusoma, aliyebaki atalala na simu masikioni kila usiku. Kumnyima ruhusa mwombaji si suluhu, maana kesho atachoka na kuondoka bila ruhusa. Suluhu ni kupanga: asiende zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja kutoka kituo kimoja, kituo kikubwa kiazimishe mtumishi, na mpango uandikwe mwaka mmoja kabla. Kwa wale wanaosoma wakibaki kazini, mkunga mmoja mzoefu atajwe rasmi kuwa msimamizi wao, na apunguziwe zamu ili apate muda wa kusimamia kweli.

Ninalo pia ombi kwa wagonjwa na ndugu zao. Mwanafunzi akija kitandani, ana wajibu wa kujitambulisha na kuomba ridhaa yako, nawe una haki ya kukataa au kumwuliza msimamizi wake yuko wapi. Akiwa na msimamizi, tafadhali mkubalie. Mkono utakaompokea mjukuu wako unajifunzia leo kwako. Akiwa peke yake, dai msimamizi aitwe. Kwa kufanya hivyo utakuwa umemlinda mwanafunzi pia.

Nikijaliwa kurudi Kasoli, nitaliacha gari lingoje. Binti nitamwambia aende muda wote, katika muhula wa Septemba, kwenye chuo ambacho wanafunzi wake hufika kitandani. Mama nitamwuliza kwanza matokeo yake ya kidato cha nne, kisha nitaketi naye tuandike pamoja barua kwa mwajiri wake. Na siku atakaponiletea daftari la vitendo, sitatia saini mpaka niwe nimesimama pembeni yake, nikaona kifua cha mtoto kikiinuka.